Kasulu kuna ukungu kila asubuhi: mbona hatuna msitu wa mawingu?

Mwezi Septemba mwaka jana baba mdogo alinipigia simu kutoka kijijini kwetu, kwenye vilima vya Kasulu. Yeye ni mjumbe wa kamati ya maji ya kijiji. Tukasalimiana kwanza, na ukimjua Muha unajua salamu haziishi dakika moja, halafu akaingia kwenye shida yenyewe.

Chemchemi tunayochota tangu enzi za bibi imepungua. Zamani unaweka ndoo ya lita 20, unageuka kusokota kata, ukirudi imejaa. Sasa unaweka ndoo, unamaliza habari zote za kijiji, ndoo bado. Mradi mmoja ulikuwa umeleta miche 600 ya mikaratusi, iko kwenye viriba, inasubiri mvua za kwanza ipandwe kuzunguka chemchemi.

"Mwanangu, wewe si ndiye unasomea misitu na maji huko Morogoro?" akaniuliza. "Uliwahi kuniambia milimani huko miti inakamata ukungu na kuugeuza maji. Na sisi ukungu tunao, kila asubuhi ukisimama juu bonde hulioni. Sasa hii miche tupande pale au tusipande?"

Ni kweli niliwahi kumwambia hivyo, likizo moja, tukiwa tunaota moto. Nilisema kwa kujiamini kama mtu aliyetoka kufaulu mtihani. Sasa watu wanataka kupanda miti 600 kwa maneno yangu, nikagundua nusu ya jibu sina. Nikamwomba wiki mbili. Mvua za kwetu huanza kati ya mwisho wa Oktoba na Novemba, kwa hiyo muda ulikuwepo, ila si mwingi.

Bahati nzuri Jumamosi iliyofuata tulikuwa na safari ya siku moja, mimi na wenzangu wanne wa maabara, kupanda Bondwa kwenye milima ya Uluguru. Huo ndio msitu wa mawingu ulio karibu na mahali ninapofanyia kazi. Nikaenda na swali la baba mdogo.

Kutoka jua la mjini hadi ndani ya wingu

Mji wa Morogoro uko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Bondwa, kile chenye minara ya mawasiliano unayoiona ukiwa stendi, kinapita mita 2,100. Yaani ndani ya siku moja, kwa miguu, unapanda zaidi ya kilomita moja na nusu kwenda juu. Msitu wa juu uko ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, yenye takriban hekta 24,000, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Unalipia kibali, unapewa mwongoza njia. Wa kwetu alikuwa mzee wa Kiluguru, amezaliwa mlimani, anatembea taratibu lakini hasimami. Sisi vijana ndio tulikuwa tunasimama.

Tulianza saa 12 asubuhi. Mwanzo ni mashamba: migomba, maharage, mboga. Akina mama walikuwa wanateremka na vikapu kichwani kuwahi soko, tunapishana nao kwenye njia nyembamba. Tukapita Morningside, ile nyumba ya zamani ya Wajerumani. Hapo bado ulikuwa unaiona Morogoro yote chini, jua linawaka.

Baadaye kidogo mzee akanyoosha fimbo: "Pale ndipo mlango." Nilidhani anamaanisha kizuizi cha hifadhi. Kumbe alimaanisha wingu. Kulikuwa na mstari kabisa mlimani: chini yake mwanga, juu yake weupe. Tuliingia ndani ya weupe ule, na kila kitu kikabadilika. Miti ikawa mifupi na imepinda. Mashina hayaonekani gome, yamevaa ule mmea laini wa kijani unaofanana na zulia, ambao vitabuni unaitwa kuvumwani. Juu ya matawi kuna kangaga na okidi zinazoishi bila kugusa ardhi.

Tukasikia matone, ta, ta, ta, kila upande.

"Mvua imeanza," mwenzangu mmoja akasema, akatoa koti.

Mzee akacheka. "Hapa haijanyesha siku tisa, mwanangu."

Alituambia tusimame kwenye uwazi mdogo pembeni ya njia, ambako mti mkubwa ulikuwa umeanguka. Pale hakuna tone. Ukipiga hatua tano ukaingia chini ya miti, unalowa. Tukafanya jaribio la haraka: tukakata chupa mbili za maji katikati, moja tukaiweka uwazini, moja chini ya mti. Tukapanda hadi kileleni, tukala, tukarudi baada ya saa mbili. Ile ya uwazini ilikuwa na ukungu tu kwenye kuta zake. Ile ya chini ya mti ilikuwa na maji ya kujaza vifuniko viwili na nusu vya chupa. Si utafiti wa kuchapisha, lakini tulikuwa tumeona kwa macho kitu ambacho tulikuwa tunakisoma tu.

Wingu linaanzia wapi?

Hewa yote ina mvuke wa maji usioonekana. Hewa yenye joto inaweza kubeba mvuke mwingi, hewa ya baridi inabeba kidogo. Ukiipoza hewa taratibu, inafika mahali inashindwa kuubeba mvuke wake, na sehemu ya mvuke inageuka kuwa matone. Nyuzijoto hizo ambapo hewa "inashindwa" tuziite kiwango cha umande. Ukitoa soda kwenye friji, chupa inatoa jasho kwa sababu hiyo hiyo: hewa inayoigusa imepozwa chini ya kiwango chake cha umande.

Sasa mlima unaipozaje hewa? Upepo unapokutana na mlima hauna pa kupita, unapanda. Kadiri hewa inavyopanda, hewa inayoikandamiza kutoka juu inapungua, kwa hiyo inatanuka, na hewa inayotanuka inapoa. Kabla ya kutengeneza wingu, inapoa karibu nyuzi 10 za Selsiasi kwa kila kilomita moja. Wakati inapoa, kiwango cha umande nacho kinashuka, ila polepole zaidi. Vikikutana, wingu linaanza.

Wataalamu wa hali ya hewa wana hesabu rahisi ya kukadiria. Chukua joto la chini, toa kiwango cha umande, zidisha kwa 125. Unapata mita ambazo hewa lazima ipande kabla ya wingu kuanza.

Siku ile, mwenzetu aliyebaki mjini alitutumia vipimo vya saa sita mchana: joto nyuzi 28, kiwango cha umande nyuzi 20. Tofauti ni 8. Mara 125 ni mita 1,000. Ongeza mita 500 za Morogoro mjini, unapata mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Na kweli, "mlango" wa mzee ulikuwa maeneo hayo hayo. Kipimajoto chetu kileleni kilisoma nyuzi 15.

Msitu wa mawingu basi ni msitu ulioko kwenye ule mkanda wa mlima ambao wingu linaugusa mara kwa mara, mwaka mzima, hata wakati wa kiangazi. Neno la kushika ni "linaugusa". Wingu lililo juu ya kichwa chako halitoshi. Lazima lipite katikati ya matawi.

Miti inavyochana wingu

Swali linalofuata: kama wingu ni maji, mbona uwazini hatukupata kitu?

Ni suala la ukubwa. Tone la wingu lina upana wa takriban maikromita 10 hadi 20. Unywele wako una kama 70. Tone dogo hivyo ni jepesi mno, linashuka polepole kiasi kwamba upepo kidogo tu unalibeba. Linapita juu ya ardhi tupu bila kutua.

Lakini likikutana na jani jembamba au uzi wa kuvumwani, upepo unakwepa pembeni, tone linashindwa kukata kona, linajigonga na kunata. Linakuja la pili, la tatu, yanaungana. Yakifikia uzito fulani yanadondoka. Msitu unafanya kama kitana kwenye nywele. Na kuvumwani ni kitana na sifongo kwa pamoja, maana inaweza kushika maji yenye uzito mara kadhaa kuliko wake yenyewe ikiwa kavu, kisha inayaachia kidogo kidogo.

Ni maji mengi kiasi gani? Hapa ndipo tunapopenda kutia chumvi. Katika misitu mingi ya mawingu ya tropiki iliyopimwa, maji ya ukungu yanaongeza kama asilimia 5 hadi 20 juu ya mvua ya kawaida. Milima yenye upepo mkali wa kudumu inapata zaidi. Kwa hiyo mvua bado ndiyo inayoleta sehemu kubwa. Ila ukungu una faida mbili. Kwanza, unakuja wakati wa kiangazi, mvua ikiwa hakuna. Pili, ndani ya wingu jua ni hafifu na hewa imeshiba maji, kwa hiyo miti yenyewe inatoa mvuke kidogo sana. Inaingiza maji ya ziada na inatumia machache. Ndiyo maana vijito vinavyotoka huko havikauki kirahisi.

Kama unaishi Dar es Salaam, hili linakuhusu kuliko unavyodhani. Mto Ruvu, unaotegemewa kwa sehemu kubwa ya maji ya jiji, unalishwa na Uluguru, hasa upande wa mashariki unaotazama bahari ambako mvua ya mwaka inaweza kupita milimita 2,500. Oktoba 2022 kina cha Ruvu kiliposhuka, jiji zima liliingia kwenye mgao.

Turudi Kasulu: ule ukungu wetu ni ukungu gani?

Wakati wa kuteremka nilimsimulia mzee kuhusu kwetu. Akaniuliza swali moja tu: "Huo ukungu wenu unakaa juu ya mlima au chini bondeni?"

Nikasimama. Unakaa bondeni. Nimekua nauona. Ukiamka mapema, hasa kati ya Aprili na Juni, unasimama mgongoni mwa kilima, uko kwenye mwanga, na bonde chini limejaa weupe kama maziwa kwenye bakuli. Ikifika saa tatu, saa nne, umeshaondoka. Uluguru ni kinyume: bonde lina jua, kilele kimefunikwa.

Ni vitu viwili tofauti vinavyoitwa kwa jina moja.

Wa kwetu unatengenezwa usiku. Mbingu zikiwa wazi, ardhi inapoteza joto haraka. Hewa inayoigusa inapoa, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito, inateremka na kujikusanya bondeni, ambako kuna unyevu wa vijito na majaruba. Inafika kiwango cha umande pale pale chini. Jua likichomoza, inapata joto, matone yanageuka mvuke tena. Zaidi ya hapo, ukungu huu unahitaji utulivu ili uwepo. Na tumeona kwamba kitana hakifanyi kazi bila upepo wa kupitisha matone katikati ya majani. Kwa hiyo miti ya bondeni kwetu inapata umande, sawa, lakini haiwezi kuchana wingu kama ya Bondwa.

Na vilele vyetu je? Tupige ile hesabu. Kasulu mjini ni takriban mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, Kibondo inakaribia 1,500, na vilima vya kuelekea mpaka wa Burundi upande wa Manyovu vinapita 1,600. Tuchukue mchana wa msimu wa mvua Kasulu, kwa mfano joto nyuzi 26 na kiwango cha umande 17. Tofauti 9, mara 125, ni mita 1,125. Ongeza 1,300: wingu linaanzia mita 2,425. Kilima chetu hakifiki huko. Sasa chukua kiangazi, Agosti, mfano nyuzi 28 na kiwango cha umande 10. Tofauti 18, mara 125, ni mita 2,250. Jumlisha na 1,300, wingu linaanzia mita 3,550. Siku ya mvua kubwa wingu linashuka na kugusa vilima, ndiyo, lakini siku hizo maji si tatizo. Wakati wa shida, wingu liko mbali juu, au halipo kabisa.

Sababu ni mbili. Uluguru iko chini ya kilomita 200 kutoka Bahari ya Hindi, inapokea hewa yenye unyevu mbichi. Kasulu iko kama kilomita 1,000 kutoka bahari hiyo. Halafu kimo: uwanda wetu umeinuka wote kwa pamoja, hakuna ukuta wa ghafla wa kuisukuma hewa juu.

Si kwamba mkoa wa Kigoma hauna kabisa. Nenda Mahale: Ziwa Tanganyika liko mita 773, na kilele cha Nkungwe kiko mita 2,462, kimesimama karibu kabisa na maji. Huko juu kuna msitu wa mlimani na mianzi. Kaskazini yetu, ng'ambo ya mpaka, kuna Kibira ya Burundi inayoungana na Nyungwe ya Rwanda, msitu mkubwa wa mlimani unaopita mita 2,500. Lakini Kasulu na Kibondo ziko katikati, zina miombo, nyasi na vichaka vya mabondeni. Hiyo si aibu. Ni aina nyingine ya ardhi, na inatunza maji kwa namna nyingine.

Je, miti yoyote inaleta maji?

Basi nikajua ile hoja ya ukungu haipo. Lakini baba mdogo angeweza kuniuliza: hata bila ukungu, si miti inaleta maji tu?

Tumelelewa hivyo, na mimi shuleni nilipata vema kwa kuandika hivyo. Ukweli una kona. Mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti wa taasisi ya kilimo na misitu ya Afrika Mashariki (EAAFRO) walichagua vidakio viwili vya maji huko Mbeya. Kimoja kilikuwa na msitu wa asili, kingine kilikuwa mashamba ya wakulima kwenye miteremko mikali. Walipima vijito kwa takriban miaka 10. Kijito cha mashambani ndicho kilichotoa maji mengi zaidi, hata wakati wa kiangazi. Miti ilikuwa inakunywa: mizizi mirefu inaendelea kuvuta maji ya ardhini wakati shamba limeshavunwa na liko tupu.

Kabla hujakimbilia shoka, subiri. Udongo wa pale Mbeya ni wa majivu ya volkano, unanyonya maji hata ukilimwa. Mvua ilizama ardhini pande zote mbili. Ndiyo siri yake.

Afrika Kusini nao walianza kupima mapema, miaka ya 1930, huko Jonkershoek karibu na Stellenbosch. Waliona kupanda misindano kwenye nyasi na vichaka vya asili kunapunguza maji ya vijito. Mwaka 1995 serikali yao ilianzisha mpango wa Working for Water, ambao hadi leo unawalipa watu kung'oa miti ya kigeni, mikaratusi ikiwemo, ili mito ipate nafuu.

Kwa hiyo swali zuri si "kuna miti au hakuna". Ni hesabu ya daftari la duka, lenye kuingiza na kutoa. Mvua inaingia. Sehemu inatiririka juu na kupotea, sehemu inazama, sehemu inanyonywa na mimea. Kinachobaki chini ndicho kinachotoka kwenye chemchemi mwezi wa tisa.

Chemchemi yetu inalipwa na mvua ya Januari

Kasulu na Kibondo tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia kama Novemba hadi Aprili au Mei. Halafu kiangazi. Maji unayochota Septemba yalinyesha miezi mingi nyuma, yakazama kilimani, yakawa yanatembea polepole chini ya ardhi. Chemchemi ikipungua, uliza kwanza: mwezi wa kwanza maji yalizama, au yalikimbia?

Nilipokumbuka kilima cha juu ya chemchemi yetu, nikapata picha. Nyasi zinachomwa kila mwaka, ardhi inabaki uchi mvua za kwanza zinapokuja. Matone yanaipiga na kuifunga kama sakafu. Ng'ombe wanapita njia ile ile mpaka imekuwa mfereji. Mvua ikinyesha, maji mekundu yanateremka mbio mpaka kijitoni, na kijito kinayapeleka Malagarasi. Mto huo unajulikana kwa kuzunguka: unaanzia vilima vya mpakani, unapita mbali hadi mabwawa ya Moyowosi, ndipo unarudi magharibi kuingia Ziwa Tanganyika. Kijiji chetu kiko mwanzoni mwa safari hiyo, na tunayaacha maji yaondoke bila kuyakaribisha ndani.

Sasa ongeza mikaratusi 600 pale chemchemi inapotokea. Upande wa kuingiza haujabadilika, maana mvua bado inakimbia juu. Upande wa kutoa umeongezeka, maana umeweka mashina 600 yenye kiu na mizizi mirefu mahali ambapo maji yako karibu zaidi na uso wa ardhi.

Nilivyomjibu baba mdogo

Nilimpigia kabla wiki mbili hazijaisha. Nikamwambia: shikamoo baba, ukungu wetu ni wa bondeni, hauchanwi na miti. Na mikaratusi pale chemchemini, naomba msiipande.

Akanyamaza. Halafu akasema kitu ambacho kwenye maandiko yetu huwa hatukiweki: "Sawa. Lakini mkaratusi baada ya miaka sita ni nguzo na ni kuni. Huo mti wako wa asili utanipa nini? Na miche ishafika, niitupe?"

Alikuwa na haki. Kuni kwetu ni shida ya kweli. Wilaya ya Kasulu ina kambi ya Nyarugusu tangu 1996, Kibondo nayo ikawa na Nduta, na wenyeji na wakimbizi wote wanapika kwa moto. Mkaratusi uliopandwa mahali pake unaokoa miombo isikatwe. Kosa ni mahali, siyo mti.

Basi tukapanga pamoja, kwa simu, kwa muda wa maongezi wa shilingi elfu mbili:

Kwanza, miche ya mikaratusi ipandwe upande wa pili wa kilima, mbali na chemchemi na vijito, iwe shamba la kuni la kijiji.

Pili, kuzunguka chemchemi, ndani ya zile mita 60 zinazolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pasilimwe na ng'ombe wasiingie. Mikuyu na mizambarau mwitu iliyopo ibaki, ichipue yenyewe, na nyasi ziachwe.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kazi ifanyike juu ya kilima: kuzuia moto, kukinga matuta ya kontua kwenye mashamba yaliyo juu ya chemchemi, na kufunga ile njia ya ng'ombe iliyokuwa mfereji.

Kamati ilikaa. Mikaratusi ikahamishwa, hilo lilipita bila ubishi. Uzio wa mita 60 ulileta maneno, kwa sababu familia mbili zina bustani za mboga mle ndani, na hadi naandika haya moja bado inalima. Matuta yamechimbwa kwenye mashamba manne kati ya tisa. Moto, tutaona kiangazi kikifika.

Pima na wewe

Kitu kimoja nilimwomba baba mdogo akifanye kabla ya yote, na ningependa wewe msomaji mwenye chemchemi kijijini ukifanye pia. Kinga maji yote kwenye ndoo ya lita 20, washa saa ya kupimia kwenye simu, andika sekunde. Rudia mara tatu, chukua wastani. Fanya mwezi ule ule kila mwaka, mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua.

Septemba ile chemchemi yetu ilijaza ndoo kwa sekunde 74. Gawanya 20 kwa 74, zidisha kwa sekunde 86,400 za siku, unapata takriban lita 23,300 kwa siku, kama yote yangekingwa usiku na mchana. Kwa lita 20 kwa mtu, hiyo ni watu kama 1,160. Kijiji bado kinaweza kuishi kwa chemchemi hii, ila akiba siyo kubwa.

Namba moja haithibitishi kitu. Hata ya mwaka huu haitathibitisha, maana mvua za msimu mmoja zinaweza kuipandisha au kuishusha bila matuta kuhusika. Tunahitaji miaka mitano, sita, pamoja na kipimo cha mvua. Baba mdogo amekwisha kutega kopo la mvua uani, na daftari lipo. Juzi alinipigia kuniambia mtoto wake wa darasa la sita ndiye anayeandika, kwa sababu yeye mwenyewe anasahau miwani.

Kama una namba za chemchemi ya kwenu, Kasulu, Kibondo au kokote, tutumie. Andika tarehe, sekunde, na kilichoko juu ya kilima.